Pua ya Nguruwe

Harufu iliwapokea ngazini kabla hawajafika ghorofa ya tatu. Jeong-im alikuwa amebeba mapeasi na samaki wa sadaka. Wifi yake Hye-gyeong alikuwa amebeba mkoba wake tu. Wote wawili wakasimama. Haikuwa harufu ya mafuta ya kukaangia, ambayo siku ya kuamkia mwaka mpya huwa imejaa jengo zima tangu asubuhi. Hii ilikuwa harufu ya waya ulioungua, ya kukwaruza koo.

"Ni kwetu," Jeong-im alisema, akapanda mbio na samaki wake.

Mlango ulikuwa wazi, madirisha wazi, na upepo wa baridi kutoka bandarini ulikuwa ukijipitia ndani upendavyo. Taa haziwaki, friji imenyamaza. Kaka yake, Tae-seok, alikuwa amesimama katikati ya sebule akipunga gazeti kufukuza moshi, kola ya shati lake la kutokea Seoul bado imekaa sawa. Nyuma ya amplifaya ya mama, karatasi ya ukutani ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, na rafu ya mbao iliyobeba amplifaya hiyo ilikuwa imebabuka pembe moja. Mama mwenyewe, Bi Mal-sun, alikuwa ameketi sakafuni mlangoni pa chumba chake, bakuli la vitunguu saumu mapajani.

"Nilitoka kidogo kuvuta sigara," Tae-seok alisema kabla hajaulizwa. "Narudi, nakuta moshi. Mama kalichomeka hilo dude lake moja kwa moja ukutani. Bahati nimewahi kuzima swichi kuu. Mngekuta majivu hapa."

Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kile kiungio kidogo cha plagi chenye matundu mawili, ambacho nchi nzima hukiita pua ya nguruwe. Hakuna nyumba isiyokuwa nacho kwenye droo, tangu enzi zile umeme ulipopandishwa kutoka volti mia na kumi hadi mia mbili na ishirini na watu wakabaki na vyombo vyao vya zamani. Pua ya nguruwe hubadili umbo la miguu ya plagi ili iingie ukutani. Umeme wenyewe haiubadilishi hata chembe. Amplifaya ya Bi Mal-sun ilitengenezwa Japani kwa volti mia moja, na siku zote ilipata umeme wake kupitia transfoma nzito iliyokaa sakafuni kando yake. Kuichomeka ukutani kwa pua ya nguruwe ni sawa na kumlisha mtoto mchanga pilipili.

Transfoma ilikuwa varandani. Tae-seok ndiye aliyeipeleka huko asubuhi, kwa sababu mke wake Hye-gyeong alisema mngurumo wake unamtia kichefuchefu, na pia pale ilipokaa ndipo panapofaa meza ya sadaka ya marehemu baba. Jeong-im hakubisha. Aliuzungusha waya wa amplifaya vizuri, akamgeukia mama ili aone midomo yake, akamwambia muziki ni mpaka kesho baada ya ibada. Mama aliitikia kwa kichwa. Sasa Jeong-im akaweka samaki chini, akamwendea mama, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nilikwambia usiiguse. Nilikwambia au sikukwambia?" Alikuwa akipiga kelele, na si kwa sababu ya uziwi wa mama. "Unataka tufe sote humu?"

Bi Mal-sun akainamisha macho, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

* * *

Jirani wa chini alikuja kabla umeme haujarudishwa. Alikuwa na soksi bila viatu na hasira ya mtu mwenye watoto. Alisema moshi umeingia mpaka chumbani kwa mwanawe, alisema jengo hili ni la zamani, nyaya zake zimechoka, likishika moto halimwachi mtu. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

Tae-seok alimwinamia mpaka kiuno kikakunjika. Ana ofisi, ana watu walio chini yake, na kuomba radhi anakujua. "Tusamehe sana, ndugu yangu. Ni mama. Unajua tena, wazee." Na hapo, akidhani mama hamwoni, akainua kidole akakizungusha kando ya sikio lake, ishara ya mtu ambaye akili zimemruka.

Mama alimwona. Mtu aliyepoteza masikio huishi kwa macho, na Bi Mal-sun alikuwa ameishi kwa macho miaka mingi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye gati za Yeongdo, akining'inia juu ya ubao kando ya meli pamoja na wanawake wenzake, wakigonga kutu kwa nyundo ili meli zipakwe rangi mpya. Chuma kilimla masikio. Kilimlipa pia, na malipo hayo ndiyo yaliyompandisha Tae-seok kwenye treni ya Seoul akiwa na sare mpya ya chuo. Leo mtoto huyo anazungusha kidole kando ya sikio zima ambalo mama yake hana.

Jeong-im alikiona kile kidole, akaona na macho ya mama yakikifuata. Alitaka kuushika mkono ule aushushe. Lakini ukuta ulikuwa mweusi mbele yake, na wiki chache nyuma mama alisahau sufuria jikoni mpaka ikakauka, kwa hiyo akaacha.

* * *

Wakati wa chakula cha jioni, Tae-seok alisubiri mpaka kila mtu ashike kijiko.

"Kuna nyumba ya kutunza wazee kule Gimhae," alisema. "Safi. Manesi wapo mchana na usiku. Kesho kutwa tutampeleka mama akaione, kabla hatujarudi Seoul."

"Akaione, au akae?" Jeong-im aliuliza.

"Usianze."

"Sijaanza mimi. Umekuja na Gimhae mfukoni, moshi umekupa nafasi tu."

"Wifi, tunamfikiria yeye," Hye-gyeong alisema kwa sauti ya kupoza uji. "Wewe unashinda shuleni ukiwapikia watoto. Mchana kutwa yuko peke yake na huo mtambo. Leo Baba Ji-hwan, kaka yako, alikuwepo. Siku nyingine je?"

"Na nyumba hii?"

Tae-seok alichota supu. "Jengo lenyewe litabomolewa. Waliowahi kuweka sahihi wanapewa bei nzuri. Na wewe utapata fungu lako, sijasema hutapata."

Basi, kumbe ni hilo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya Tae-seok yalikuwa yamejikusanya tangu sikukuu iliyopita, alipokuja akapima vyumba kwa hatua akidhani hakuna anayemwona. Jeong-im alimtazama mama. Mama alikuwa akitafuna polepole, macho yake yakihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na haikujulikana ameshika kiasi gani.

"Mama anasikiliza muziki kila siku baada ya chakula cha mchana," Jeong-im alisema. "Kifaa cha masikioni kinamletea kelele tu. Anaweka kiganja kwenye spika, anaweka kifua karibu, ndivyo anavyosikia. Ukimpeleka Gimhae atasikia nini?"

"Watu wa umri wake wanahitaji kupumzika. Hawahitaji madisko."

Hye-gyeong akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Na hilo dude," Tae-seok aliendelea, "litoke humu leo hii. Liweke chini kwenye taka. Sitaki baba mdogo aje kesho asubuhi alikute."

* * *

Jeong-im alikwenda kulitoa kwa sababu alikuwa amechoka kubishana. Ndiyo, alikwenda, na hakuja kujisamehe upesi. Alihakikisha waya umechomolewa, akaketi nyuma ya amplifaya, mgongo kwenye ukuta ulioungua, akaanza kufungua nyaya za spika moja baada ya nyingine.

Alizijua nyaya hizo kama anavyozijua sufuria zake. Baba aliyeileta amplifaya kutoka bandari ya Kobe, Japani, alipokuwa fundi wa injini melini, aliacha amri zake na mama akazishika kuliko wengine wanavyoshika dini. Usiitandikie kitambaa juu, itakosa pumzi. Iache nafasi ya kiganja kila upande. Isitumie waya wa kuungaunga, iwe na soketi yake. Radi ikipiga, ichomoe. Shusha sauti mpaka mwisho ndipo uwashe. Ukitaka kuifuta vumbi ndani, ichomoe leo uifungue kesho, maana hata ikizimwa huficha umeme tumboni. Na fyuzi ikikatika, tafuta kwanza iliyoikata, halafu weka ya kipimo kilekile. Kipimo kilekile, baba alikuwa akisema, hata kama umeoa leo na bibi harusi anataka muziki.

Mama aliyezishika amri hizo, Jeong-im aliwaza, atachomeka pua ya nguruwe? Sufuria, sawa. Sufuria kila mtu husahau. Lakini mama hata akiamshwa usingizini huikagua transfoma kwanza.

Na fyuzi? Fyuzi ya mtambo wa volti mia moja ikipigwa na mia mbili na ishirini hukatika papo hapo. Ndiyo kazi yake, kufa ili wengine wapone. Ikikatika, moshi unatoka wapi?

Kifuniko cha fyuzi kilikuwa nyuma, cha kuzungusha kwa vidole. Akakizungusha. Fyuzi ikatoka, nyeusi ncha zote mbili. Na mwili wake wote, kutoka kichwa hadi mguu, ulikuwa umeviringishwa karatasi ya fedha, ile inayofunika sigara ndani ya pakiti.

Jeong-im aliishika kiganjani akaitazama. Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu anayevuta sigara. Zamani, walipokaa kwenye nyumba ya kupanga kule juu kilimani, fyuzi za ukutani zilikatika kila baridi ikizidi, na vijana wa mtaa wote walizitibu hivyohivyo, kwa karatasi ya sigara za baba zao, umeme upite juu yake hata uzi wa ndani ukiwa umekatika. Tae-seok alikuwa bingwa wao. Mama alimchapa kwa ajili hiyo siku moja, na ilikuwa mara pekee Jeong-im kumwona mama akimchapa kifungua mimba wake.

Aliingia chumbani kwa mama, akafunga mlango, akaketi mbele yake. Akamwonyesha.

Bi Mal-sun aliitazama ile fyuzi bila kushangaa hata kidogo.

"Ulimwona," Jeong-im alisema.

"Nilikuwa hapa mlangoni." Mama alizungumza kwa sauti nene isiyojua ukubwa wake, na Jeong-im akamwashiria ashushe. "Alikuwa anaipiga picha kwa simu. Kuna mtu Seoul anatafuta kununua za namna hii, alitaka kumwonyesha inawaka. Transfoma nzito, akaona uvivu kuirudisha. Akachomeka pua ya nguruwe. Ikazimika. Akatoa fyuzi, akatoa pakiti yake. Nikamwambia, Tae-seok, usifanye hivyo. Akaniambia, Mama, wewe menya vitunguu."

"Na swichi kuu, nani aliizima?"

"Yeye alikuwa anatafuta maji." Mama akatikisa kichwa. "Maji, kwenye umeme. Nikanyanyuka nikaizima mimi."

Jeong-im alihisi uso wake ukiwaka. Mwizi aliyetaka kuuza kitu cha mama yake bila kumwambia, kakiunguza, kaokolewa na mama huyohuyo mzee, halafu kamwangushia jumba bovu mbele ya jirani na kuzungusha kidole. Na yeye Jeong-im, binti mwema, alikuja na samaki mkononi akamfokea mama kwa niaba yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Mke wake alikuwepo pale. Mwanamume wa umri ule, uso wake ukishaanguka mbele ya mke, anauokota wapi?"

"Kwa hiyo uende ukafungiwe Gimhae, uso wa Tae-seok ubaki juu?"

"Kwangu kimya ni kimya. Cha hapa, cha Gimhae, ni kilekile." Mama akamfumba kiganja, fyuzi ikiwa ndani. "Kesho ni mwaka mpya. Baba yenu anakuja kula. Funika hiyo, mwanangu. Usimharibie chakula."

Mkono wa mama ulikuwa bado mgumu kama wa mtu wa nyundo. Kimya ni kimya, alisema, naye kila mchana huwa anailalia kwa kifua ile spika ya kushoto huku machozi yanamtoka kwa raha. Jeong-im hakupata kumsikia mama yake akisema uongo mkubwa kuliko huo, tena kwa ajili ya mtu asiyestahili.

* * *

Baba mdogo Man-ho aliwasili asubuhi, amevaa koti lake zito, akamsalimu shemeji yake kwa mikono miwili na kumuuliza afya kwa kumpigia kelele sikioni. Aliuona ukuta, maana nani asingeuona. Tae-seok akamvuta kando, akamweleza. Baba mdogo alimtazama Bi Mal-sun kwa huruma, na huruma hiyo Jeong-im aliiona kutoka jikoni, ikamchoma kuliko kile kidole cha jana.

Meza ilipangwa mbele ya picha ya baba: mapeasi, njugu, samaki kichwa upande wa mashariki, maandazi ya dengu, divai ya mchele. Mbele kabisa, mahali pa kula pa baba mwenyewe, lilikaa bakuli la shaba lenye kifuniko chake, bakuli la supu ya vipande vya mkate wa mchele, ambayo bila kuinywa hakuna aongezaye mwaka wa umri. Jeong-im ndiye aliyelibeba. Alilibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama inavyotakiwa.

Tae-seok alikuwa amevaa suti nyeusi. Akawasha ubani, akamimina divai, akainama mara mbili, paji la uso sakafuni, na lazima isemwe kwamba aliinama vizuri. Baba mdogo akainama nyuma yake. Wanawake walisimama upande wa jikoni. Kisha ikafika zamu ya kumkaribisha marehemu ale, na katika nyumba hiyo mwana mkubwa ndiye humfunulia baba yake bakuli. Si mke, si binti. Mwana mkubwa.

Tae-seok akapiga magoti mbele ya meza, akashika kifuniko, akakiinua.

Hakukuwa na supu. Chini kabisa ya shaba iliyong'arishwa ililala fyuzi moja iliyoungua, imevaa karatasi yake ya sigara, na kando yake pua ya nguruwe.

Alibaki ameshika kifuniko hewani. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Nini hiyo?" baba mdogo aliuliza. Alisogea, akachungulia. Naye alikulia kilimani kulekule. Alimtazama Tae-seok, akautazama ukuta, akaitazama mifuko ya suti, na kila mtu akamwona akielewa.

"Baba Ji-hwan," Hye-gyeong alisema kutoka nyuma. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Dada yangu ameingiwa na wazimu." Tae-seok akashusha kifuniko haraka akirudishe mahali pake. Kikagonga mkono badala ya shaba. Mama alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemsikia akija, akiwa na soksi zake, na sasa kiganja chake kilikuwa juu ya bakuli, hakisogei.

Jeong-im alijua kwamba mama anaweza kuichukua ile fyuzi na kuitia mfukoni, aseme ni yeye, amezeeka, mumsamehe. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote.

Bi Mal-sun aliitazama fyuzi, halafu picha ya mumewe. Halafu akamwinamia mwanawe mpaka nyuso zao zikakaribiana, kama afanyavyo akitaka kusoma mdomo wa mtu.

"Usifunike," alisema. "Baba yako hajaona bado."

"Mama, si sasa. Tutaongea baadaye."

"Mweleze. Yeye ndiye aliyesema kipimo kilekile."

Chumba kizima kilimsubiri. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tae-seok ilikuwa imeishia kwenye ukingo wa bakuli.

"Ni mimi," alisema chini chini, akiitazama meza.

"Sijasikia," mama alisema.

"Ni mimi niliyeiunguza. Mama hakugusa kitu. Yeye ndiye aliyezima umeme."

"Sijasikia."

Akasema tena, safari hii kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumfanya yule mwanamke aondoe mkono. Kuta za jengo lile ni nyembamba. Chini, mlango wa jirani ulifunguliwa, ukabaki wazi. Hye-gyeong alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, na baba mdogo alikuwa ameinama akitazama soksi zake.

"Na Gimhae?" mama aliuliza.

"Hatuendi."

Bi Mal-sun alitega sikio lake lililokufa kabisa, lile la kulia, akalisogeza karibu kabisa na mdomo wa mwanawe.

"Sijasikia, Tae-seok."

"Hatuendi Gimhae," Tae-seok alipiga kelele, na sauti ikamkatika katikati.

Hapo mama akaondoa mkono. Jeong-im akalichukua bakuli, akaenda jikoni kumpakulia baba yake supu, ambayo ilikuwa bado moto.